Mama hatembei, maji yakiingia usiku nani anambeba?

#1 Kitindamimba_Kigogo

Wakuu habari za mchana, naombeni uzi huu msiugeuze wa utani, kuna jambo linaninyima usingizi na masika ndo hayo yanagonga hodi.

Mama yangu ana miaka 78, alipata kiharusi 2022, upande wa kulia wote haufanyi kazi, kuongea anaongea vizuri tu tena sana ila kutembea hatembei. Tunakaa Kigogo ule upande wa kushuka bondeni, wanaopajua wanajua, mto Msimbazi ukifura sisi tunapata taarifa kabla ya redio. Mwezi wa nne 2024 ile mvua iliyonyesha kama imetumwa, mimi nilitoka asubuhi nikaenda zangu Kariakoo kwenye mishe, mvua inanyesha ila tumeizoea. Saa tano dada wa kazi ananipigia analia, maji yamefika usawa wa kitanda. Binti mwenyewe ana miaka 19 mwembamba, mama ana kilo 80 na ushee. Eti akaweka godoro juu ya meza ya chakula akitaka ampandishe, akashindwa, na mama badala ya kujiokoa anamwambia binti "chukua kwanza lile begi lenye hati ya kiwanja, mimi ntasubiri". Yani mtu maji yako mbavuni anawaza hati!!

Binti akatoka nje akapiga yowe, fundi seremala jirani yetu na jamaa wawili wa guta wakaingia, wakamweka mama kwenye kiti cha plastiki wakambeba juu juu kama bibi harusi. Mlangoni maji yalikuwa kifuani kwa mtu mzima. Mimi nimekwama, Jangwani haipitiki, nimefika kwangu saa kumi na moja jioni nimezunguka nusu ya mji kwa miguu na boda. Mama nikamkuta kwa jirani wa juu anakunywa chai ananilaumu mimi kwa nini nimechelewa.

Sasa bro wangu yupo nje, kasema basi, tumpeleke mama kwenye nyumba ya kulelea wazee, hizi za kulipia, yeye atalipa. Nikaenda kuangalia moja hapa hapa mjini, jina sitaji msiniulize hata inbox. Pasafi, taizi zinateleza vizuri, chakula kizuri, wazee kumi na moja. Nikauliza usiku wanakaa na nani, naambiwa dada mmoja. Nikauliza mvua kubwa ikija usiku mnafanyaje, meneja akacheka, "hapa hapajawahi kujaa". Madirisha yote yana nondo, mlango wa nyuma una kufuli, ufunguo anao mlinzi getini. Gari ipo moja na dereva analala kwake. Nikatoka pale nimepoa kabisa, maana nimeona ni kulekule kwangu, tofauti ni kwamba wazee wako kumi na moja na binti bado mmoja.

Sasa nyie mngefanyaje? Kama kuna mtu kafanya hizo kazi au ana mzee wa hivi naomba uzoefu.

#2 Chuma_Mboga

Mkuu tatizo lako wala sio mama, tatizo ni bonde. Hameni huko, kila mwaka mnalia maji maji, serikali imesema tangu enzi na enzi.

#3 Al-Watan_Tandale

Nyumba ya wazee tena? Mama aliyekubeba miezi tisa ukampeleke akalelewe na watu baki? Huo ni uzungu. Mimi mama yangu siwezi, hata mbingu ishuke.

#4 Kitindamimba_Kigogo

@Chuma_Mboga ningekuwa na hela ya kiwanja Goba ningekuwa naandika kutokea Goba. Mama kahamia pale mwaka 1974 na habari za fidia ya mradi wa bonde la Msimbazi tunasubiri kama wengine, wenzetu wameshalipwa wameondoka, sisi wa mstari wa juu kidogo hatueleweki. Ukisema hameni, sema na wapi.

@Al-Watan kaka nakuheshimu, ila siku ile watu waliombeba mama yangu walikuwa watu baki. Mimi mtoto wa tumbo nilikuwa Kariakoo.

#5 Mbeba_Boksi

Mleta mada pole sana na mpe mama shikamoo yangu. Ndo nimetoka shifti nasubiri basi, ntaandika kirefu mnisamehe.

Mimi nipo Houston mwaka wa kumi na tatu sasa, kazi yangu ni hiyo hiyo ya kuosha wazee, mnayoicheka huko nyumbani. Nimeingia kwenye nyumba hizi nyingi, kubwa kwa ndogo, na nimekula mafuriko ya kimbunga Harvey ya 2017 nikiwa ndani. Wengi mtaikumbuka ile picha ya bibi vizee wamekaa kwenye makochi maji yako kiunoni, mmoja anafuma sijui alikuwa anasuka kitu gani vile, ilikuwa mji wa Dickinson hapa jirani. Watu huko kwenu walisema imetengenezwa. Haikutengenezwa. Waliokolewa siku hiyo hiyo lakini ni baada ya picha kuzunguka dunia nzima, jiulize wale ambao hawakupigwa picha.

Sasa msidhani Wazungu kwa sababu wana sheria na makaratasi basi wazee wako salama. 2005 kimbunga Katrina kilipopiga Louisiana kulikuwa na nyumba moja ya wazee inaitwa St. Rita's, wenyewe waliamua kutohamisha wazee. Maji yalipokuja yalipanda ndani ya dakika chache tu, wakafa wazee 35. Thelathini na tano kwenye jengo moja la chini lisilo na ghorofa. Wafanyakazi waliobaki waliwaelesha juu ya magodoro wakiwatoa dirishani, waliowawahi waliwawahi.

Halafu kuna ile ya Florida 2017, kimbunga Irma, hii ndo inaniuma zaidi kwa sababu hakukuwa na maji hata tone. Nyumba inaitwa Hollywood Hills, kimbunga kimepita salama, paa lipo, taa zinawaka, ila transfoma ya kulisha viyoyozi ikafa. Joto la Septemba la Florida ni kama la Dar mwezi wa pili, kwenye jengo lililofungwa madirisha. Siku tatu. Wanapiga simu huku na kule wanaambiwa watakuja kutengeneza, wanasubiri, wanaleta feni. Wazee 12 wakafa kwa joto, kuna waliopimwa mwili umepita nyuzi 42. Na ng'ambo ya barabara, NG'AMBO YA BARABARA wakuu, kuna hospitali kubwa ina kiyoyozi na umeme. Hata kwa kitanda cha magurudumu unavuka. Wauguzi wa ile hospitali ndo walikuja kuingia wenyewe asubuhi ya tarehe 13 baada ya kuona wagonjwa wanaletwa mmoja mmoja.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, nyumba ya kulipia au ya kwenu sio swali. Wewe umeuliza swali zuri pale kwa meneja, na jibu la "hapajawahi kujaa" ndo jibu lile lile la kila nyumba niliyoisoma iliyoua wazee.

#6 Jicho_la_Samaki

@Mbeba_Boksi na hao wenye nyumba walifungwa?

#7 Mbeba_Boksi

Hakuna. Wa St. Rita's walikuwa mume na mke, walishtakiwa kwa vifo vyote 35, 2007 baraza la mahakama likawaachia. Utetezi wao ulikuwa kwamba kilichoua ni zile kuta za kuzuia maji za serikali zilizobomoka, na kwamba kuwahamisha wazee dhaifu nako kungeua. Wa Hollywood Hills msimamizi wake jaji alimwachia 2023. Kilichobaki ni sheria tu, Florida 2018 wakapitisha kila nyumba ya wazee iwe na jenereta ya kuweka joto lisizidi nyuzi 27 kwa saa 96 umeme ukikatika.

Na kuna mwingine wa Louisiana kimbunga Ida 2021, ana nyumba saba, yeye alihamisha, sawa, ila alihamishia wazee zaidi ya 800 kwenye ghala. Magodoro chini sakafuni, vyoo vimejaa, wengine wanalia msaada hakuna anayekuja. Kwenye makaratasi alikuwa na mpango kamili umesainiwa. Huyo leseni alinyang'anywa, kesi ikaisha kwa kifungo cha nje. Mpango upo unaitwa ghala!

#8 Nesi_wa_Zamu

Hapo pa kuwahamisha nako kunaua nataka niongezee maana watu watasoma huu uzi wakidhani dawa ni kukimbia tu.

Kuna basi lilikuwa linakimbiza wazee kutoka huko huko Houston mwezi wa tisa 2005, kimbunga Rita, kimbunga chenyewe wala hakikuwakuta. Foleni masaa na masaa, gurudumu likapata moto kwa kukosa grisi, ndani kuna mitungi ya oksijeni, wakafa 23 karibu na Dallas. Mzee wa miaka 80 mwenye sukari na vidonda vya kulala ukimkalisha kwenye gari masaa kumi bila maji na bila kugeuzwa umeshamuumiza hata kama hamkupata ajali. Kwa hiyo unahama mapema, unahama karibu, na unahama na vitu vyake.

Mimi ni nesi wa wodi hapa Dar mwaka wa kumi na moja. Wakati wa mafuriko tunaowapokea sio waliozama. Waliozama hawaji kwetu. Wanaokuja ni mzee kakosa dawa za presha siku nne kwa sababu zilisombwa, mzee wa insulini iliyokaa kwenye joto, mpira wa mkojo uliochomoka wakati anabebwa, nimonia ya yule aliyekaa na nguo mbichi mpaka usiku. Wanakuja siku ya tatu, ya nne, kwenye takwimu za mafuriko hawamo.

@Kitindamimba naomba ufanye hivi leo sio kesho. Dawa za wiki mbili kwenye kopo kubwa lenye mfuniko wa kufunga, au ndoo ya rangi ile yenye mfuniko. Na karatasi ya dozi ndani ya nailoni. Pampasi, kanga mbili, soksi. Ile ndoo ining'inie ukutani juu, sio uvunguni. Kumbeba msitumie mikono chini ya makwapa, upande uliopooza bega linachomoka kirahisi sana, mlaze kwenye shuka nzito au kitenge kilichokunjwa mara mbili watu wanne kila mmoja pembe yake, au kiti kama mlivyofanya, kile kiti kilikuwa akili kubwa, ila kiwe na mikono na mumfunge kiunoni na kanga. Na kitanda kipandishwe matofali.

#9 Mzee_wa_Mchikichini

Nyie vijana mnaongea 2024. Mimi desemba 2011, tumetoka kusherehekea miaka 50 ya uhuru hata wiki mbili hazijaisha, maji yakachukua watu kama 40 hapa mjini. Baba yangu mkubwa alikuwa haoni. Tulipanda darini, yeye hawezi ngazi, tukamfunga kamba chini ya mikono tukamvuta kama ndoo ya kisima. Alikuwa anacheka. Anasema "nilijua ntapandishwa mbinguni sio darini". Baadae tukapelekwa viwanja Mabwepande, yeye hakukubali, akasema huko hajui sauti za watu. Akabaki kwa dada yake Buguruni mpaka alipofariki.

Ndo maana nasema msiwaamulie wazee bila kuwauliza. @Kitindamimba mama umemuuliza?

#10 Kitindamimba_Kigogo

Mzee wangu shikamoo. Ukweli sijamuuliza. Mimi na bro tumeongea wenyewe kwenye simu kama wiki mbili hivi. Leo ntamuuliza.

#11 Guta_la_Moto

Mimi naendesha guta Kigogo, sio mimi niliyembeba mama yako ila nawajua waliombeba. Ngoja niwaambie kitu ambacho mtachukia. Siku ya maji mtu anayepiga simu ya kwanza anataka friji na tv. Elfu thelathini, elfu hamsini, anatoa hapo hapo. Nimebeba friji tatu kabla sijaambiwa kwenye ile ile nyumba kuna bibi chumba cha nyuma. Sio kwamba ni watu wabaya, wamechanganyikiwa na bibi yupo kimya hapigi kelele. Friji nalo halipigi kelele ila wanaliona sebuleni. Siku hizi nikifika kwa mtu nauliza kwanza ndani kuna mzee au mgonjwa, ndo nashusha turubai.

#12 Chuma_Mboga

Daah Guta umeua. Chumba cha nyuma.

#13 Ustawi_Kata

Nachangia kama mtu ninayefanya kazi za ustawi ngazi ya kata, sio kwa niaba ya ofisi.

Kwanza kuondoa mkanganyiko, makazi ya serikali kama ya Nunge kule Kigamboni ni kwa ajili ya wazee wasiojiweza wasio na ndugu, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilisema wazi familia ndo msingi wa matunzo na makazi ni hatua ya mwisho kabisa. Kwa hiyo mama yako mwenye watoto wawili wanaofanya kazi huko hapangiwi, usipoteze nauli. Za binafsi ni jambo lingine, na maswali uliyouliza ndo hasa ya kuuliza. Ongeza haya: nani analala hapo usiku na wana uwezo wa kubeba, ufunguo unakaa wapi, mkihama mnahamia wapi na mwenye hapo anajua kwamba mnakuja, mara ya mwisho mmejaribu lini. Hilo la mwisho litakuonyesha sura yake.

Pili, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa mpaka huku chini mtaani. Najua mtanicheka. Ila nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa mkaandikishe mzee wenu, jina, nyumba, hali yake, namba ya simu ya jirani SIO yako wewe uliye Kariakoo. Nimeona mitaa miwili ambayo mjumbe anayo orodha kwenye daftari la shule, na TMA (mamlaka ya hali ya hewa) wakitoa tahadhari ya mvua kubwa anaanza kupita kwa hao kabla ya mvua. Mitaa mingine orodha iliyopo ni ya sukari ya msaada tu. Zimamoto ni 114 ila kwa mafuriko ya mji mzima simu zinakuwa nyingi, atakayekufikia kwanza ni jirani.

#14 Al-Watan_Tandale

Nimesoma yote. Sijabadili msimamo ila nimempigia shangazi anayekaa na mama nimemuuliza maji yakija nani anambeba. Akasema "si wewe". Mimi naishi Dodoma.

#15 Jicho_la_Samaki

😂😂 kaka jina Tandale mwili Dodoma

#16 Mbeba_Boksi

@Al-Watan usione aibu. Mama yangu yupo Tabata na mimi naosha mama za watu huku. Japani 2020 mto wa Kuma ulipofurika kule Kumamoto kwenye nyumba moja ya wazee, wafanyakazi na wanakijiji walibeba wazee kwa mgongo kuwapandisha ghorofa ya pili, na bado wakafa 14. Japani hiyo, nchi ya mazoezi ya maafa. Hesabu ya mikono ilikuwa ndogo kuliko ya wazee basi. Na saa ilikuwa alfajiri.

#17 Kitindamimba_Kigogo

Wakuu narudi na mrejesho, samahani nimekaa wiki tatu.

Nilimuuliza mama. Kasema kwenye nyumba ya wazee haendi kwa sababu bro alimtumia video na akaona wanawaamsha saa kumi na mbili kuoga. Hiyo tu. Maji hajataja. Nikamwambia mama mafuriko je, akasema "nilikwambia begi la hati liwekwe juu, mmeweka?" Tumeweka.

Bro amekubali hela aliyotaka kulipa kule igawanywe. Dada wa kazi kaongezewa na kaja binti wa pili wa kushinda mchana kipindi cha masika. Kitanda kiko juu ya matofali matatu kila mguu, mama analalamika anaona kama yuko kwenye lori. Ndoo ya dawa inaning'inia kwenye msumari, nesi ubarikiwe. Jamaa wa guta mmoja tumemwekea elfu thelathini kila mwezi mvua isinyeshe au inyeshe, kazi yake TMA wakitangaza tu anakuja kuuliza hali, na mama ndo mzigo wa kwanza, friji baadae. Jirani wa juu katoa chumba, nimempelekea godoro likae huko huko.

Jumamosi tukajaribu. Mara ya kwanza dakika kumi na moja, mnajua kwa nini? Geti. Ufunguo nilikuwa nao mimi mfukoni na nilikuwa nimesimama nje nashika saa kama kocha. Nimemcheka yule meneja bure. Sasa kuna ufunguo mwingine kwa seremala. Mara ya pili dakika nne, mama kafungwa kanga kiunoni, begi la hati kapakata, njia nzima anawapa maelekezo. Watoto wa mtaa wakawa wanafuata nyuma wanaimba nyimbo za harusi.

#18 Nesi_wa_Zamu

Safi sana. Bega je?

#19 Kitindamimba_Kigogo

Bega zima. Kitenge kilipasuka kidogo, tutatumia shuka la hospitali lile zito.

#20 Guta_la_Moto

Mkuu na usiku je? Huyo jamaa wa guta analala wapi?

#21 Kitindamimba_Kigogo

Nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ila ijumaa huwa anaenda Mbagala kwa mke mdogo, hiyo siku ndo bado tunaitafutia mtu.